Eti "mkaizike"! Yule fundi mnayemjua kanivunjia heshima mbele ya watu

Mama Alizeti:

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, mikono inatetemeka, salamu mtanisamehe.

Jina simtaji. Aliyewahi kuharibikiwa kompyuta Dodoma hii anamjua: yule wa kwenye barabara zetu za namba, flashi zinaning'inia shingoni kama hirizi, anaongea na mteja huku macho yako kwenye simu. Huyo huyo.

Mimi natunza hesabu za mashine ya kukamua alizeti. Programu yetu ni ya enzi za Windows XP, imeandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kutengenezea programu, na ndani yake wamo wakulima kuanzia Kongwa mpaka Manyoni: nani kaleta magunia mangapi, nani kachukua mafuta, nani bado anadai. Bosi kanunua mashine mpya yenye Windows 11, maana Windows 10 ilikatiwa huduma Oktoba 2025. Nikahamisha folda, nikabofya, kikatoka kiboksi cha kosa. Nikambebea fundi.

Akatazama sekunde moja. MOJA. Akacheka. Akawageukia waliokuwa kwenye foleni: "Mama kaleta maiti. Mama, hii programu imekufa, mkaizike." Foleni nzima ikaangua kicheko! Kicheko kile kimefika Chamwino, ng'ombe wameacha kula wanaulizana kuna nini mjini.

Mkaizike! Programu yenye madai ya watu! Mkulima akija na risiti yake nimwambie tulishazika juzi, alikosa tu matanga?

Halafu sijafunga hata begi, anadai hela ya kuangalia. Kuangalia nini? Maiti? Kama ni msiba, rambirambi ilitakiwa itoke kwake!

Nikamuuliza kile kiboksi kinasema nini. Eti Windows 11 haipokei programu yoyote ya zamani, ninunue mfumo mpya, na mfumo huo anao yeye. Mimi na umri huu, mbele ya vijana wa kuzaa mwenyewe. "Mkaizike." Mtu yule asiguse hata kikokotoo.

Mtu wa Nkuhungu:

"Mama kaleta maiti" 😂😂 Dada nisamehe, hapo nimemwaga chai. Ila namjua huyo, printa yangu aliiambia hivyo hivyo.

Biti Thelathini na Mbili:

Kiboksi kinaandika nini hasa?

Mama Alizeti:

Kinasema MSCOMCTL.OCX haijasajiliwa vizuri au haipo. Lakini hilo si la leo! La leo ni kicheko!

Biti Thelathini na Mbili:

La leo ni hilo hilo, mama. Programu yako ni nzima. Windows 11 ni ya biti 64 tu, yaani kizazi kipya, na inazozikataa kabisa ni programu za biti 16, zile za mifumo ya zamani kabisa, DOS na Windows 3.1. VB6, yaani hiyo Visual Basic 6, inatoa programu za biti 32, ambazo bado inazipokea, na faili la kuiendesha, msvbvm60.dll, linakuja ndani ya Windows mpaka leo. MSCOMCTL.OCX, faili la vitufe na orodha ambalo programu yako inalitegemea, ndilo haliji nayo. Lichukue kwenye kompyuta yenu ya zamani, usipakue hovyo mitandaoni, liweke C:\Windows\SysWOW64. Msishangae: SysWOW64 ndiyo ya biti 32, System32 ndiyo ya biti 64. Kisha bofya kulia Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, chagua Run as administrator, andika amri hii ya kulisajili:

regsvr32 C:\Windows\SysWOW64\mscomctl.ocx

Na programu usiiweke Program Files, itengenezee folda yake, C:\Alizeti. Tangu Vista, programu ya zamani ikijaribu kuandika mle, Windows inazipeleka data kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore, ndani ya AppData, folda iliyofichwa ya mtumiaji. Kabla hamjaifuta kompyuta ya zamani kachungulie humo. Wakulima walioandikishwa karibuni wanaweza kuwa wamejaa kule.

Mama Alizeti:

MMEONA? Mstari mmoja! Mstari MMOJA wa kuandika, na yeye kaniambia nikazike! Kesho narudi pale na kompyuta inafanya kazi, naiwasha kwenye meza yake, foleni ikiwa ndefu.

Kijana wa Makole:

Povu hilo mama. Kunywa maji kwanza.

Mtu wa Nkuhungu:

Maji gani? Huku kwetu bomba linakohoa tu tangu asubuhi.

Katibu wa Mikopo:

Ninyi mna raha. Chama chetu kinatumia FoxPro ya DOS, programu ya kutunza kumbukumbu, hiyo ndiyo Windows mpya haitaki hata kuisikia. Tukaiweka ndani ya DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, ikafunguka vizuri, ila kuchapa ikagoma, maana DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya magemu. Wanachama wanasubiri taarifa za akiba, mimi nazinakili kwa kalamu kutoka kwenye kioo! Tulipohamia vDos, ya aina hiyo hiyo ila ya programu za kazi, ndipo karatasi ikatoka. Hiyo ndiyo shida, si kuchekwa.

Kijana wa Makole:

Afadhali wewe katibu. Mimi fundi huyo huyo alinipigia Windows upya bila kuniuliza, picha za send-off ya dada zote chali. Nyumbani mpaka leo nawekewa chakula bila kuongeleshwa.

Mama Alizeti:

Poleni wote, lakini jamani turudi kwenye mada. Alisema MKAIZIKE. Mbele ya watu.

Mfugaji wa Kisasa:

Samahani mleta mada, umesema mna mashine ya alizeti. Mashudu yapo?

Mama Alizeti:

Yapo. Lakini huyu fundi, wakuu…

Mfugaji wa Kisasa:

Gunia bei gani?

Mtu wa Nkuhungu:

Usiwape kuku wa nyama mashudu ya alizeti matupu, yana makapi mengi, hawakui. Changanya na soya.

Mfugaji wa Kisasa:

Nani kataja kuku? Nina ng'ombe wa maziwa.

Katibu wa Mikopo:

Mama, niwekee na mimi magunia mawili, natuma bajaji.

Mtu wa Nkuhungu:

Bajaji haibebi mawili na katibu juu yake.