Siku moja na nusu Mombasa: leso, viungo, udi au vinyago?

Bint_Kitengela: Salamu wapendwa. Mwezi ujao nashuka Mombasa kwa treni na mamangu. Tuna Ijumaa nzima na Jumamosi hadi adhuhuri, kisha tunarudi stesheni Miritini. Maduka makubwa hatuyataki, huku kwetu yamejaa. Tunataka mtu anayeuza kitu kimoja na anakijua. Nimekusanya haya: leso Biashara Street, viungo Marikiti, udi na mafuta mazuri Mji wa Kale, na vinyago ama Bombolulu ama Changamwe kwa Wakamba. Yote hayaingii. Mngekata lipi? Mama anaumwa na magoti, na lazima nirudi na zawadi ya mama mkwe.

Shangazi_Kibokoni: Mwanangu, leso usiikate. Nenda kwa Kaderdina Hajee Essak, wapo tangu 1887. Ukiuliza njiani, sema "Mali ya Abdulla", ndiyo chapa iliyoandikwa kwenye leso zao. Hapo hununui pambo tu. Utatandaziwa doti, yaani leso mbili zilizoungana, utazame pindo, utazame mji, ile sehemu ya katikati, kisha usome jina. Kwetu maneno ya leso ndiyo jina lake, na leso isiyosomwa kabla ya kununuliwa imeleta ugomvi nyumba nyingi. Ukishalipa, doti inatoka ikiwa kipande kimoja. Tafuta fundi mwenye cherehani hapo hapo mtaani akukatie na kukupindia. Usiibebe mbichi mpaka Kitengela.

Mpishi_wa_Tudor: Shangazi kasema kweli, ila mimi ningeanza Marikiti. Ni karibu na hapo, mama hatachoka. Nunua nzima: hiliki, mdalasini, pilipili manga, bizari nyembamba. Ya kusagwa huwezi kujua imetiwa nini. Ukiuziwa zafarani, omba uzi mmoja uutie kwenye maji. Ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Maji yakiwa mekundu papo hapo, umeuziwa rangi. Na ile bei ya kwanza ni salamu tu, nawe itikia kwa yako.

Fundi_Magongo: Nyinyi mnamzungusha mgeni kisiwani tu. Mtu anayerudi Miritini anapita upande wetu! Karakana ya Wakamba iko Changamwe, ushirika ulioanza 1963. Utawakuta mafundi wamekaa vibandani na tezo zao, gogo linageuka twiga mbele ya macho yako, halafu unaingia dukani. Bombolulu iko ng'ambo nyingine kabisa, kupitia daraja la Nyali, njia ya Malindi. Kwa siku moja na nusu huwezi kwenda kote kuwili.

Mwana_wa_Nyali: Bombolulu isidharauliwe. Tangu 1969 ni karakana ya mafundi wenye ulemavu, na wanachotengeneza si vinyago peke yake: kuna mapambo ya shingoni, ngozi, nguo. Kwa zawadi ya mwanamke mimi ningeona Changamwe hapana. Mama mkwe wako atafanyia nini kifaru?

Fundi_Magongo: Atakiweka sebuleni kama watu wengine 😂 Lakini sawa, kwa mapambo nakubali Bombolulu. Kwa mbao sikubali.

Msafiri_Tanga: Kuhusu mbao, mimi niliuziwa "mpingo" na mchuuzi wa ufukweni. Nilipofika nyumbani nikaufuta vumbi kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikawa cheusi. Kiwi ya viatu! Sasa nauliza kwanza. Mpingo ni mzito, ukiutia majini unazama. Ukikwaruza chini ya kitako, weusi unaendelea ndani. Na si lazima mpingo: muhugu una harufu nzuri na unachongeka vizuri.

Shangazi_Kibokoni: Udi je, mbona mmeuruka? Mji wa Kale kuna vijiduka ambavyo watu wawili wakiingia wa tatu husubiri nje. Mafuta hupimwa kwa tola, kama gramu 11.7. Usinuse chupa, paka kifundo cha mkono, zunguka, rudi baada ya nusu saa. Halwaridi ya rahisi itakuwa imeshakimbia. Na Ijumaa mchana msiende, maduka hufungwa kwa ajili ya sala.

Mpishi_wa_Tudor: Basi Ijumaa asubuhi Marikiti na leso, mchana mama apumzike, alasiri udi. Jumamosi Changamwe mkielekea stesheni. Bombolulu ingoje safari nyingine.

Mwana_wa_Nyali: Nimeshindwa, lakini kwa jiografia tu.

Bint_Kitengela: Tumerudi, ahsanteni. Tulifuata ratiba ya Mpishi. Changamwe mama aliketi kibandani na mzee mmoja wakaongea Kikamba karibu saa nzima, nusura tuachwe na treni. Zafarani sikununua, maji yaligeuka mekundu hata kabla sijakoroga. Leso nilichagua mwenyewe, zambarau na chungwa, inang'aa kweli. Nikamwonyesha mama, akavaa miwani, akasoma jina kwa sauti dukani: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Muuzaji akacheka mpaka akakaa. Mama mkwe nimempelekea tola moja ya halwaridi. Ile leso ninayo mimi.

Shangazi_Kibokoni: Akija kukutembelea, usiivae.