Mjadala: misimbo kwenye maelekezo ya programu, tuipange kwa sheria moja au kila mtu na mkono wake?

Mleta mada, Ngamiani:

Habari za saa hizi wadau wa Tanga na popote mlipo. Kuna ubishi ulianza jumamosi pale tunapokutana vijana wa kompyuta, chai ikapoa na watu wakanuniana, nikaona bora niulete hapa wengi waseme. Tuna kimfumo chetu cha bure cha kuweka hesabu za duka, yeyote ruksa kuchangia, maelekezo yake yameandikwa na watu kama tisa hivi na kila mmoja kaweka vipande vya msimbo, yaani maandishi ya kuamuru kompyuta, anavyojua yeye (nasema msimbo kusudi, nikiandika kodi mtadhani TRA wamepita). Mwenzetu mmoja kapendekeza tuweke linta, yaani kile kiprogramu kinachokagua maandishi, mchango ambao misimbo yake haikufuata mtindo mmoja unarudishwa hapohapo hata kama ni wa mkubwa. Nusu wakasema sawa, nusu wakasema huo ukoloni.

Mi niko upande wa linta, na sababu yangu ni dogo mmoja wa Muheza. Wiki mbili nyuma kaja na laptopu ya kuazima na bando la kuungaunga, kafungua ukurasa wa kwanza, kakopi mstari unaoanza na alama ya dola, kapesti, mashine inamjibu haijui amri inayoitwa $. Ile dola ni alama tu ya kuonyesha hapa ndo unaandikia, sisi tumeshaizoea hata hatuioni, yeye ataijulia wapi? Ukurasa wa pili mwandishi mwingine katumia #, ile ya kuonyesha uko kama mkuu wa mashine, na hiyo mbaya zaidi maana Bash, ile programu inayopokea amri unazoandika, ikikuta # mwanzo wa mstari inaona ni maoni tu inapita kimya, dogo akadhani imekubali akaenda hatua ya tatu, ya tatu ikagoma, akarudi mwanzo, akarudia yaleyale. Mbele huko mtu kaandika <jina_lako> katikati ya amri akimaanisha weka jina lako, dogo kapesti kama ilivyo, mashine ikaanza kutafuta faili linaloitwa jina_lako kwasababu hiyo alama ya < kwenye Bash inasema soma kutoka kwenye faili. Alafu kuna ukurasa uliandikwa kwanza kwenye Word, zile alama za kunukuu zikapindwa zikawa za kupendeza na vistari viwili vikageuka kimoja kirefu, ukiangalia kwa macho hakuna kosa kabisa. Saa nne usiku ananipigia ananiambia kaka labda mi sina kichwa cha mambo haya.

Kichwa anacho. Sisi ndo tulimwandikia maelekezo ya lugha tisa.

Kanga ina pindo, mji na jina. Zile alama tatu (```) tunazoweka juu ya msimbo na tatu chini ndo pindo, msimbo ndo mji, na jina la lugha ya msimbo, python au bash, unaloandika pale juu ndo jina. Nani kanunua kanga yenye pindo upande mmoja? Karibuni.

Wa Raskazone:

Mleta mada umeongea vizuri ila umechanganya mambo mawili na kanga yako hiyo. Dola, mabano ya ncha, alama za Word, hayo ni makosa, mtu anakopi na haifanyi kazi. Sawa. Lakini linta yenu mnataka irudishe na mtu aliyeonyesha msimbo kwa kusogeza mistari spesi nne badala ya alama tatu, na huyo kakosa nini? John Gruber alipotoa Markdown, huu mtindo wa kuandikia maelekezo, mwaka 2004 msimbo ulikuwa ni spesi nne au kubonyeza Tab mara moja, hizo alama tatu mnazoziabudu hazikuwemo, zilikuja baadae. Lengo lilikuwa maandishi yasomeke hata kabla hayajageuzwa ukurasa. Leo mtu wa zamani anaandika kama alivyofundishwa mnamrudishia kazi?

Na jambo la pili. Niliwahi kuchangia mradi fulani, nilikuta amri imeandikwa makosa nikaisahihisha, wakanirudishia mara tatu, mara jina la lugha halipo, mara umeacha mstari mtupu, mara nini. Amri yenyewe hakuna hata mmoja aliyeijaribu. Nikaacha, nikaenda zangu kuvua.

Dada wa Makorora:

Kaka wa Raskazone pole na samaki 😂 ila kuhusu spesi nne ngoja nikujibu maana mi ndo nilikaa siku mbili kusafisha zile kurasa. Spesi nne zinakaa vizuri mpaka uweke msimbo ndani ya orodha, hatua ya 1, hatua ya 2. Hapo zile spesi nne zinahesabiwa kuanzia maneno ya orodha yalipoanza, kwahiyo unahitaji saba, au nane, inategemea namba ina tarakimu ngapi, ukikosea msimbo unageuka aya ya kawaida na mistari yote inaungana. Maelekezo ya kuinstoli karibu yote ni orodha, au siyo? Na kila kigeuzi kilikuwa kinasoma kivyake ndo maana 2014 wakina John MacFarlane na Jeff Atwood wakaja na CommonMark ili angalau sheria iandikwe mahali. Alafu spesi nne hazina pa kuandikia jina la lugha, kwahiyo zile rangi za kutofautisha maneno ya msimbo hupati kwa uhakika.

Tab ndo usiseme, ni tabu kweli. YAML, ule mtindo wa kuandikia faili za mipangilio, haikubali Tab kwenye kusogeza mistari, kabisa, na Python 3 ukichanganya Tab na spesi ovyo inagoma. Sasa mtu kakopi kutoka ukurasa uliochanganya unategemea nini.

Kijana wa Pangani:

Samahani wakubwa zangu, mi nasoma maelekezo kwa simu. Kuna mtu anaweka skrinshoti ya msimbo badala ya msimbo. Sikopi, sikuzi, bando linaisha. Na asiyeona simu yake ikimsomea kwa sauti inafika hapo inasema picha. Linta ikatae hiyo kwanza, spesi nne mtabishana baadae.

Wa Raskazone:

Dogo wa Pangani una hoja kuliko sote. Dada nawe la orodha nimekubali, sikuwahi kufikiria namba 10 inasogeza kila kitu.

Ila bado. Linta itapitisha msimbo uliovunjika ilimradi pindo limekaa sawa. Ukiandika amri ya kufuta badala ya kusoma, ukaipamba na alama tatu na jina bash, inakupa tiki ya kijani. Na hayo ya mtindo mbona mashine inaweza kuyarekebisha yenyewe, Prettier inapanga faili la Markdown bila kumsumbua mtu. Kwanini umrudishie binadamu kitu ambacho mashine inakiweza?

Mleta mada, Ngamiani:

Jina la lugha mashine haiwezi kulibuni, lazima aliyeandika aseme ni bash au ni python. Lakini hilo la kupanga yenyewe nimelichukua, tutaweka ipange kwanza alafu irudishe yale tu yaliyobaki. Kujaribu amri kabla ya kupitisha, hapo umetukamata, hatukuwa tunafanya.

Kuhusu dola nimegundua kitu, markdownlint, linta ya Markdown, ina kanuni inayoitwa MD014, inalalamika pale tu ulipoweka dola kwenye amri bila kuonyesha majibu yake. Ukionyesha na majibu inakuacha maana dola inasaidia kutenganisha. Mi bado naona bora amri ikae kwenye boksi lake na majibu kwenye boksi lake, wanaopinga waseme.

Jingine. Yule dogo wa Muheza jana kaleta mchango wake wa kwanza, kaondoa dola zote ukurasa wa kwanza. Kasahau jina la lugha mara sita. Sikumrudishia, nimekaa nimeandika bash mwenyewe moja moja nikapitisha. Wa Raskazone usinicheke.

Wa Raskazone:

Nacheka 😂😂