Rimu ya aloi imekwaruzwa na ukingo wa barabara: naanzaje kuitengeneza nyumbani?

Mgeni_wa_Msasa:
Wakuu habari. Rimu ya mbele kushoto ya gari langu, Toyota IST, imesuguana na ukingo wa zege. Ni aloi ya inchi 15, rangi ya siliva. Mkwaruzo uko kwenye mdomo wa nje, urefu wa kiganja, ukucha ukipita unakwama. Sehemu moja imemeguka kama punje ya mchele. Upepo hautoki, usukani hautetemeki. Sijawahi kushika puti wala rangi ya kopo. Naanza na msasa namba ngapi, natumia puti gani, na je, lazima tairi litoke kwenye rimu?

Fundi Rangi:
Mkuu, kabla ya msasa, vua gurudumu, ligeuze, uoshe na kukagua upande wa ndani palepale lilipogonga. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, au mdomo umepinda, acha. Puti itauficha ufa, haitauponya, na rimu hiyo haifai kurudi barabarani. Kama ni mkwaruzo mtupu, endelea.

Tairi si lazima litoke. Gurudumu likiwa chini, toa upepo mpaka tairi lilegee, kisha chomeka karata za kuchezea kati ya mpira na mdomo wa rimu, moja ikilalia nyingine, mzunguko mzima. Zinakinga vizuri kuliko tepu, kwa sababu tepu haishiki kwenye mpira, na inaacha mstari wa rangi pembeni.

Usafi ndio wengi wanauruka. Osha kwa maji ya sabuni ya vyombo na brashi, suuza, kausha, halafu futa kwa kitambaa safi chenye spiriti. Futa tena kwa kitambaa kingine. Ile dawa ya kung'arisha matairi ina silikoni. Ikibaki hata kidogo, rangi itajitenga na kuacha vitundu vya duara kama macho ya samaki. Ukianza msasa kabla ya kuitoa, unaisugulia ndani ya chuma.

Sasa msasa. Anza na 120, sugua makali na vipande vya aloi vilivyosimama mpaka kidole kipite bila kuchomwa. Usichimbe ili kuufikia mwisho wa mkwaruzo, utabadilisha umbo la mdomo; kilichobaki ni kazi ya puti. Kisha 240, ukitanuka sentimita 3 au 4 ndani ya rangi isiyoharibika. Mpaka wa rangi ya zamani ulainike kama mteremko. Ukifumba macho na kupitisha kidole, usisikie ngazi.

Puti iwe ya magari, yenye hadena (dawa ya kuigandisha), na ikiwezekana ile yenye unga wa aloi. Puti ya ukuta haifai kabisa. Uwiano wa kawaida ni gramu 2 za hadena kwa gramu 100 za puti: donge la ukubwa wa limau kwa hadena kama punje ya haragwe. Wewe unahitaji robo ya hapo. Changanya mpaka rangi iwe moja bila michirizi. Hadena ikizidi, puti inakuwa tete na doa lake linaweza kupenya mpaka juu ya rangi. Ikipungua, ndani inabaki laini na rangi itavimba. Kwa joto la Dar una dakika 4 au 5 tu kabla haijaganda, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Ibandike kwa nguvu ili hewa itoke, iinuke kidogo juu ya usawa. Baada ya nusu saa jaribu kwa ukucha. Ukucha usipoingia, sugua kikavu kwa 180, kisha 320. Puti isiguswe na maji: inayanyonya, na baadaye yanatoka kama malengelenge chini ya rangi.

Mzee wa Klia:
Naongezea upande wa rangi, maana hapo ndipo kazi nzuri inapoharibika.

Aloi tupu haishiki praima (rangi ya msingi) ya kawaida. Nunua ile iliyoandikwa kwamba ni ya aloi, na uipulize siku ileile uliyomaliza msasa. Usipulize hiyo ya aloi moja kwa moja juu ya puti kama kopo linakataza. Aina nyingine zenye asidi hazielewani na puti, hapo tafuta ya epoksi.

Tikisa kopo dakika 2 nzima. Umbali sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye rimu na uachie ukishaipita; ukianzia juu yake, tone la kwanza linatua hapohapo. Tabaka la kwanza liwe kama vumbi, bado unaona kilicho chini. Praima mara 2 au 3, dakika 10 kati yake. Ikikauka, pitisha msasa wa maji wa 600 polepole, futa, kausha. Siliva mara 3, nyembamba. Klia, yaani rangi angavu ya juu kabisa, mara 2 au 3, ya mwisho iwe na unyevu kidogo ili ing'ae.

Usipake kiraka peke yake na kuishia katikati. Siliva ina chembe za metali zinazolala tofauti kila mpulizo, na mpaka utaonekana ukiwa umesimama mbali. Msasa wa 800 uso wote, kisha siliva na klia uso wote.

Klia zenye hadena ndani ya kopo ni ngumu na zinastahimili petroli, lakini mvuke wake una isosianati, hatari kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kwa anayeanza, chukua klia ya kawaida na upulizie nje.

Nati na Spana:
Kabla hamjapuliza, zibeni mashimo ya nati, na upande wa nyuma unaokaa kwenye kikombe cha gurudumu (habu). Rangi ikiingia hapo, inabanwa, inasagika, na nati zinalegea zenyewe barabarani. Hili ni kubwa kuliko uzuri wote wa rimu. Nati za IST zinakazwa kwa nyutonimita 103, kwa mpangilio wa nyota, na urudie kukaza baada ya kilomita 50 hivi.

Kama kuna risasi ya balansi (kile kipande cha uzito cha kusawazisha gurudumu) pale unapopaka, weka alama ilipokaa kabla ya kuitoa. Ikirudi pengine, usukani utatetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa na kuendelea.

Na jeki peke yake haitoshi. Funga tairi la akiba, teremsha gari, kazi iendelee pembeni.

Mgeni_wa_Msasa:
Shukrani sana wakuu. Puti na siliva vimekaa vizuri, lakini klia imegeuka nyeupe kama maziwa ya kuchanganya na maji. Nilipuliza jioni baada ya mvua.

Mzee wa Klia:
Ni unyevu. Thina inapokimbia inapoza uso, maji ya hewani yanatua juu yake na kunaswa ndani ya klia. Subiri mchana mkavu, kati ya saa 5 na saa 9, rimu iwe na joto la mkono lakini isiwe juani. Puliza klia tabaka moja jembamba. Thina yake itaifungua ile ya chini na maji yatatoka. Ila soma kopo kwanza: nyingi zinataka urudie ndani ya saa moja au usubiri siku nzima. Ukiingia katikati, rangi inakunjamana. Weupe ukibaki, subiri ikauke kabisa, sugua kwa msasa wa maji wa 1000, puliza upya.

Usifunge gurudumu kabla ya saa 24 kupita, na usilipeleke kwenye mashine ya maji ya presha kwa wiki nzima. Na usisahau kurudisha upepo kwenye tairi.