Askari wetu akifia vitani: nani anasaini, nani anapokea

Kutoka: Houston
Wapendwa, kuna wazazi Nyamira na Moshi ambao vijana wao wako jeshi la Marekani. Msiba ukitokea (Mungu aepushe), familia ianzie wapi? Mwili unaweza kuzikwa nyumbani?

Kutoka: Tacoma
Dada, anzeni na karatasi mbili alizojaza kijana mwenyewe. DD Form 93 inataja watu wa kupashwa habari, wa kupokea rambirambi ya serikali ya dola 100,000, na mtu mmoja tu wa kuamua maziko. Bima ya maisha ya SGLI ni kitu kingine: tangu Machi 1, 2023 inafika dola 500,000, na wanufaika wake huandikwa peke yao, siku hizi kwenye mfumo wa mtandaoni uitwao SOES. Kwa hiyo baba anaweza kusaini maziko, mke akachukua bima, na mama akapewa rambirambi. Kikao cha ukoo hakibadilishi hata senti.

Ugomvi mwingi unaanzia hapa. Kijana akiwa kuruta anamwandika mama, baadaye anaoa, halafu hagusi tena fomu. Jina lililoandikwa ndilo linalolipwa. Pakiwa patupu, bima inakwenda kwa mke, kisha watoto, kisha wazazi. Mke aliyetolewa mahari tu, bila cheti cha ndoa, ataombwa ushahidi, na hapo mambo hukwama. Mtoto mdogo naye halipwi mkononi. Mahakama itataka mlezi.

Mwongozeni kijana azipitie fomu hizo kabla ya kila safari ya vitani. Ni kazi ya dakika chache, lakini wazazi wengi huona haya kumuuliza.

Kutoka: Baltimore
Naongeza kuhusu mwili. Aliyefia ng'ambo hupitishwa kambi ya anga ya Dover, Delaware. Ndivyo ilivyokuwa kwa askari wa akiba watatu wa jimbo la Georgia waliouawa na droni kambi ya Tower 22, Jordan, Januari 28, 2024. Waliwasili Dover Februari 2. Pale madaktari wa jeshi huthibitisha ni nani kwa alama za vidole, meno au DNA. Msikodi mahema wala kutangaza tarehe ya maziko kabla mwili haujaruhusiwa.

Jeshi hugharimia kuuandaa mwili, sare, jeneza na usafiri. Kama maziko ni nyumbani, aliyetajwa kwenye fomu amwandikie mapema afisa aliyepangiwa kuisaidia familia (Jeshi la Nchi Kavu humwita CAO), ataje uwanja wa ndege na mochwari ya kupokea. Ubalozi utataka hati ya kifo, hati ya kuhifadhi mwili kwa dawa, barua kwamba hakuna ugonjwa wa kuambukiza, na pasipoti ya marehemu. Kwa kifo cha ng'ambo msitegemee cheti cha jimbo: kuna DD 2064, cheti cha jeshi cha kifo cha ng'ambo, na DD 1300, ripoti ya jeshi kuhusu kifo, ndiyo inayofungua bima na mafao. Ombeni nakala nyingi, na kagueni kila herufi ya jina. Otieno aliyeandikwa Otiende benki haimtambui.

Anayepiga simu akitaka ada ili mwili utolewe ni tapeli. Mwelekezeni kwa CAO.

Kutoka: Tacoma
Na uraia. Kijana aliyekuwa na kadi ya kijani tu anaweza kupewa uraia baada ya kifo kwa fomu N-644, iombwe ndani ya miaka miwili tangu afe. Kama kifo kilitokana na mapigano, mke, watoto au wazazi wanaweza kujiombea ukaazi wa Marekani kwa fomu I-360, nayo ina kikomo cha miaka miwili. Wakili wa uhamiaji atafutwe mapema, hata kabla matanga hayajaisha.