Kompyuta Amstrad ya papa (baba) na tivii bapa: VGA inakataa

Mwana_Katuba (Lubumbashi)
Bandugu, jambo yenu. Papa yangu alirudi kutoka Ubelgiji mwaka 1987 na Amstrad CPC 464, ile yenye kinasa kaseti pembeni mwa kibodi na vitufe vya nyekundu, kijani na bluu. Niliandika BASIC, lugha ya kuiamuru kompyuta, kabla sijajua kuendesha baiskeli. Papa hayupo tena. Mashine imebaki kwa mama juu ya kabati, imefunikwa kitenge. Mwezi uliopita niliiwasha. Ikaandika "Ready" kwa njano juu ya bluu, watoto wakapiga kelele. Dakika kumi, umeme ukakatika. Uliporudi ulirudi na hasira, skrini yake ikatoa moshi. Harufu ingali saluni (sebuleni).

Nina tivii bapa ya inchi 32 yenye matundu ya HDMI, VGA (lile la skrini za kompyuta) na la njano la video. Fundi mmoja wa Kenya (komini ya hapa Lubumbashi, si nchi) alichomea nyaya za rangi tatu kwenye plagi ya VGA, akala faranga zangu, na tivii inasema hakuna ishara. Nifanye nini? Mama anataka niiache ipumzike. Mimi sitaki.

Mzee_Kamalondo
Pole kwa papa, mwanangu. Kabla ya mengine: ukiwasha, ile taa nyekundu ya kwenye kibodi inawaka?

Mwana_Katuba
Haiwaki, mzee. Nilidhani taa ndiyo imekufa.

Mzee_Kamalondo
Basi fundi wako alikuwa anatafuta picha kwa maiti. 464 haina transfoma yake. Skrini ndiyo inailisha, kwa ule waya mwembamba wenye plagi ya duara: volti 5. Skrini ikifa, kompyuta inakaa na njaa, nawe unalaumu VGA.

Tafuta adapta ya volti 5, ampea 2 au zaidi. Katikati ya plagi ni chanya. Usimwamini muuzaji, pima kwa multimeta kabla ya kuchomeka, maana ukigeuza ncha utamzika papa mara ya pili. Una bahati si CPC 6128, ndugu yake wa diski: ile inadai na volti 12 kwa ajili ya diski.

Taa ikiwaka, usirudi kwenye VGA. Amstrad inachora mistari 15,625 kwa sekunde. VGA inaanzia kama 31,500. Tivii nyingi zikipewa nusu ya mwendo zinanyamaza. Tundu la kutafuta ni periteli (SCART), lile refu la pini 21. Tivii bapa za mwanzo zilizotoka Ulaya bado zinalo. Nyekundu inaingia pini 15, kijani 11, bluu 7, sinki (ishara ya kupanga mistari ya picha) 20. Pini 16 wengi wanaisahau: inataka volti 1 hadi 3 ili tivii ijue kwamba ni RGB, yaani rangi tatu, kila moja kwa waya wake. Chukua zile volti 5, pitisha kwenye rezista ya omu 180, inatosha.

Nyawera_B (Bukavu)
Ya mzee ni kweli tupu. Mimi naongeza kilio changu: usikimbilie visanduku rahisi vya kugeuza periteli kuwa HDMI bila kuuliza. Cha kwangu kilisoma pini ya video ya kawaida tu, RGB hakiijui, nikakaa wiki nzima mbele ya giza. Mwishowe nilipata kibao cha GBS-8200, kinachopokea RGB ya mwendo wa polepole na kutoa VGA. Picha inakaa, ila herufi zina ukungu kidogo, na kukiweka sawa ni kubonyeza vitufe vidogo vinne mpaka kidole kinaanza kuuma.

Mwana_Katuba
Nimerudi, bandugu. Adapta nimepata, nimepima, 5.1. Taa nyekundu! Nimezunguka soko siku mbili nikigeuza tivii za mtumba kuangalia mgongo, wauzaji wakiniona kama mwizi. Nimepata moja ya inchi 19 yenye periteli. Waya nimechomea mwenyewe. Kwanza picha ilikuwa haina nyekundu kabisa, pini 15 nilikuwa sikuishika vizuri. Sasa ni nzuri, ila herufi nyembamba zinatetemeka.

Mzee_Kamalondo
Hiyo ni tivii, si wewe. Amstrad inatoa picha nzima 50 kwa sekunde, tivii inadhani ni nusu-nusu na inazichanganya mbili mbili. Kama menyu yake ina sehemu ya michezo, jaribu hapo.

Mwana_Katuba
Imepungua. Aksanti sana, mzee. Mama amekuja kukaa nyuma yetu na kiti chake, hasemi kitu. Sasa kaseti haizunguki: mkanda wa mpira ndani umeyeyuka kama lami. Nani anajua mkanda wa redio gani unaingia?