Ripoti ya eksirei ya baba imeandikwa "consistent with", nisaidieni maana yake

BintiLangoni
Assalaam aleikum ndugu zangu. Niko Lamu mjini. Wiki iliyopita tulimpeleka baba Malindi kupigwa eksirei ya kifua, maana kikohozi na homa vilikuwa vimemganda siku tisa. Tukapewa bahasha yenye karatasi ya Kiingereza, na mwisho wake imeandikwa "consistent with pneumonia". Daktari alimwandikia dawa za kumeza, akasema turudi baada ya siku kumi. Karatasi yenyewe hatukuelezwa.

Neno hilo mimi nalijua kwa kocha wetu wa netiboli. Kila siku hutuambia tuwe consistent, yaani tusikose mazoezi. Basi mama aliponiuliza karatasi yasemaje, nikamwambia baba ana nimonia isiyokatika. Tangu hapo mama hajalala, na baba ameanza kutoa wasia wa mashua yake. Moyo wanisuta kwamba huenda nimetafsiri vibaya. Neno hili hapa lina maana gani, na mama nimwambieje?

Nahodha_Mokowe
Waaleikum salaam. Pole dada, Mungu amponye mzee. Kocha wako yuko sawa kwa mambo ya mazoezi. Boti inayoondoka saa moja kila asubuhi, bila kubadili, hiyo ni consistent. Kitu kisichokatika ni "constant", kama mngurumo wa injini toka Mokowe hadi gatini Lamu. Kwa hiyo hata kwa maana ya kocha, "isiyokatika" haikukaa mahali pake.

MwalimuMstaafu
Binti yangu, tazama neno linalofuata, "with". Hilo ndilo linalogeuza maana. Likisimama peke yake, consistent ni kushika mwendo mmoja. Sisi Waamu tuko hivyo katika lugha yetu: njia twasema ndia, njaa ndaa, njoo ndoo. Likifuatwa na "with", maana yake ni kuafikiana na jambo fulani, kutopingana nalo. Asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna wazo la kusimama imara, kusimama pamoja.

Chukua mfano huu. Umeamka umekuta ndoo ya maganda ya maembe imepinduliwa mlangoni na maganda yameliwa. Hali hiyo ni consistent na kupita punda. Lakini punda hukumwona. Huenda ni mbuzi wa jirani. Unachoweza kusema ni kwamba ulichokiona hakikatai kuwa ni punda, basi.

Zamu_ya_Usiku
Mfano wa mwalimu ndio wenyewe. Mimi nahudumu wodini, na maneno haya nayaona kila siku. Anayesoma eksirei huwa ana picha tu mbele yake. Huenda mgonjwa hajamwona wala kikohozi chake hajakisikia. Anaona weupe kwenye pafu, na weupe huo waweza kuwa nimonia, maji, kifua kikuu au jambo jingine. Ndipo anaandika kuwa picha inaafikiana na nimonia, kisha daktari anaiunganisha na homa, sauti ya kifua na vipimo vya damu au makohozi. Hakuna mahali karatasi hiyo imesema ugonjwa haukomi. Nimonia inayoletwa na bakteria hutibiwa kwa antibiotiki.

Dada, baba amalize dawa zote hata akijisikia mzima. Akianza kuhema kwa shida, midomo ikibadilika rangi, au akichanganyikiwa, msingoje hizo siku kumi.

Kaka_wa_Watamu
Mjomba wangu aliandikiwa hivyo hivyo, na alipopimwa makohozi ikaonekana ni kifua kikuu. Alitibiwa akapona. Kwa hiyo mkirudi muulizeni daktari waziwazi: hiyo nimonia imethibitika, au bado ni dhana?

Mama_Vitumbua
Mimi nililijua kwenye mapishi tu. "Consistency" ya unga wa vitumbua ni ule uzito wake, usiwe maji wala usiwe donge. Kumbe lina mambo mengi. Mwanangu, kwa mama yako liache Kiingereza lote. Mwambie picha yalingana na nimonia, na daktari bado atamtazama tena. Na umwambie kwamba wewe ndiwe uliyekosea, ili asidhani mnamficha.

BintiLangoni
Nimerudi. Nimekaa na mama jikoni nikamweleza kama alivyosema Mama_Vitumbua, nikamtajia na ndoo ya maganda. Akaniuliza mara mbili, "Kwa hivyo haikuandikwa kuwa haikomi?" Nikamwambia haikuandikwa, ni mimi niliyekosea. Amelala tangu alasiri. Homa ya baba imeshuka, na ameomba uji. Jumatano twarudi Malindi, na swali la Kaka_wa_Watamu nimeshaliandika nyuma ya bahasha.