Naomba ushauri: mama anavuka mpaka wa Rusumo na vyakula kwenda Kigali

Habari zenu ndugu. Mama anatoka Kahama kwenda Kigali kumuona mjukuu mchanga, kwa basi kupitia Rusumo. Amefunga dagaa wa Mwanza, karanga na mchele, vyote kwenye mifuko ya nailoni. Rwanda ilishaipiga marufuku tangu 2008. Kwetu ni tangu Juni 2019, ila sokoni bado unafungiwa vitu kwenye vile vifuko vyembamba. Waliopita karibuni, nihamishie kwenye ndoo au mifuko ya kitambaa? Dagaa wanaulizwa kibali?

Kinachonitia hofu zaidi ni barabara. Kule magari hupita kulia, na mama maisha yake yote huangalia kulia kwanza kabla ya kuvuka. Magoti yanamsumbua, hawezi kukimbia. Wazee wenu mliwaandaaje?